Gari la zamani: litengenezwe au liuzwe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye gari la miaka 15, 20 au zaidi, ambaye fundi keshamtajia bei na usingizi umekata. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam na ya magari ya Kijapani, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa barabarani. Bei zilizotajwa ni za kupigia hesabu tu. Weka za kwako.

Fundi amenitajia milioni 3, na gari lenyewe likiwa zima halivuki milioni 8. Si kutupa hela huku?

Huenda si kutupa. Kinachowaponza watu ni kuweka bei ya fundi upande huu na bei ya gari zima upande ule. Wewe huna gari zima. Ulizia kwanza: hivi lilivyo leo, limezima uani au linatoa moshi, mtu anakupa ngapi? Dalali akisikia neno injini, hapunguzi zile milioni 3 za matengenezo peke yake, anapunguza na za woga wake, maana hajui atakuta nini ndani. Tuseme anakupa milioni 4 na nusu. Hiyo ndiyo bei ya gari lako kwa sasa.

Ukimpa fundi 3, unabaki na gari la milioni 8 lililokugharimu 7 na nusu. Ukiuza, una 4 na nusu mkononi. Kupata jingine la aina hiyohiyo, lililo zima, utoe 3 na nusu nyingine, ulipie kubadilisha kadi, kisha uanze upya kulijua: oili ilibadilishwa lini, nani alichokonoa waya za redio, mbona linavuta kushoto. Hapo kutengeneza kunashinda. Fundi angetaja milioni 5 mambo yangegeuka, maana ungezamisha 9 na nusu kwenye gari la 8. Wapo wanaofanya hivyo wakijua, kwa sababu gari lao kila kitu kingine ni kizima. Wengi wanafanya bila kujua.

Kabla ya kukubali, mwambie fundi aorodheshe kila kitu anachoona kitadai hela ndani ya mwaka mmoja, hata kama hakina haraka. Milioni 3 za gasketi pekee (kile kizibo chembamba kati ya bloku ya injini na silinda hedi) na milioni 3 za gasketi zinazofuatwa na matairi manne, shokapu na rejeta ni hesabu mbili tofauti kabisa.

Nimesikia matengenezo yakizidi nusu ya bei ya gari, achana nalo. Ni kweli?

Kanuni hiyo imezaliwa kwenye nchi ambako fundi anatoza kwa saa, na saa yake ni ghali kuliko spea. Kule gari la miaka 15 linaweza kufa kwa kazi ya siku mbili tu. Kwetu ufundi ni nafuu, spea za mtumba zimejaa, na gari la kuagiza ni ghali kwa sababu ya kodi, kwa hiyo hata la zamani linashika bei.

Kumbuka pia kwa nini yametufikia. Japani gari binafsi jipya likimaliza miaka 3 linaanza ukaguzi wa lazima kila baada ya miaka 2, wanauita shaken, nao unakamua mfuko. La petroli likivuka miaka 13, kodi yake ya mwaka inapanda. Mjapani anaona bora aliuze. Gari halijachoka, kilichochoka ni hamu ya mwenyewe kulilipia. Kenya imeweka ukomo: gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe haliingii. Tanzania linaingia, ila TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, inatoza ushuru wa uchakavu juu ya kodi za kawaida. Ndiyo maana kuagiza jingine si jibu jepesi kama linavyosikika kijiweni. Kabla hujaota, ingia kwenye kikokotoo cha kodi cha TRA, weka aina na mwaka wa gari unalolitamani, usome namba ya mwisho.

Kwa hiyo nusu si mpaka. Mpaka ni ile hesabu ya swali la kwanza.

Nitajuaje kama gari langu limechakaa kawaida au lina ugonjwa?

Bushi, boljointi, shokapu, breki pedi, betri, plagi, beringi, fenibelti: hivi ni vya kuisha, hata kwenye gari jipya vitaisha. Barabara zetu za vumbi na matuta zinavimaliza mapema. Gari likidai boljointi leo na bushi mwezi ujao halikusumbui, linakula chakula chake. Watu huuza gari zima kabisa kwa sababu ya kelele za chini ambazo fundi angezinyamazisha kwa siku moja.

Ugonjwa ni mwingine. Injini iliyochemsha zaidi ya mara moja. Gia boksi inayochelewa kushika au inayopiga teke. Kutu iliyofika kwenye chasisi. Gari lililolala kwenye maji ya mafuriko, likakaushwa na kuanikwa. Hilo umeme wake utakusumbua miezi na miezi baadaye, leo taa, kesho kioo, keshokutwa linazima katikati ya daraja la Tanzanite. Ugonjwa mmoja kati ya hiyo unajadilika. Miwili kwa pamoja, mimi ningeuza.

Kuna vitu naweza kuangalia mwenyewe kabla ya kumwona fundi?

Vipo, na vinataka asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa. Fungua mfuniko wa kujazia oili, ugeuze uutazame kwa chini. Ukiona ute mzito wa rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimekutana. Kidogo sana, kwa gari la safari fupifupi, inaweza kuwa unyevu tu. Mwingi, au ukiuona hata kwenye kijiti cha kupimia oili, ni gasketi ya silinda hedi au mpasuko. Usiliwashe tena kwenda mahali.

Fungua na mfuniko wa rejeta, injini ikiwa bado baridi. Maji yawe na rangi ya kulanti (dawa ya kupozea injini), kijani au pinki. Yakiwa ya kahawia kama ya mto Msimbazi, gari hilo limekuwa likinyweshwa maji ya bomba, na kutu inatembea ndani. Tope la mafuta likielea juu, rudi kwenye aya iliyopita.

Sasa washa, mtu mwingine asimame nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Ukitoka kwa sekunde chache asubuhi kisha ukakata, mara nyingi ni sili za valvu, kazi ya wastani. Ukitoka kila ukikanyaga mafuta, ringi za pistoni zimeisha, na hapo injini inashushwa. Moshi mweupe mzito usiokata hata gari likipata moto ni maji yanaingia kwenye silinda. Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi, na huo kwa kawaida ndio wenye tiba nafuu: sensa, plagi, nozo chafu.

Taa ya cheki injini ikiwaka, gari lipimwe kwa kompyuta kabla mtu hajagusa spana. Na mwenye gari asiyeona taa hiyo ikiwaka hata pale anapofungua swichi kabla ya kupiga stata ajiulize: balbu imekufa, au kuna mtu aliichomoa?

Lilichemsha njiani. Fundi anasema ni gasketi. Nimwamini?

Gasketi inaungua kwa sababu. Fundi akikutajia gasketi bila kukutajia sababu, bado hajamaliza kazi. Rejeta imeziba? Pampu ya maji inavuja? Feni haizunguki? Mpira ulipasuka? Sababu isipotibiwa, gasketi mpya itaungua kama ya zamani na utalipa mara mbili.

Silinda hedi ikishafunguliwa lazima ipelekwe kwa wenye mashine ikapimwe kama imepinda au imepasuka, na ikibidi isagwe. Fundi anayeipangusa kwa kitambaa, akairudishia palepale chini ya mwembe, analipua. Ulizia pia boliti za hedi, maana nyingi zinavutika zikishakazwa mara moja. Injini ya Toyota 2AZ-FE ya lita 2.4, iliyofungwa kwenye Harrier na Alphard za miaka ya mwanzo ya 2000, ina ugonjwa unaojulikana dunia nzima: nyuzi za boliti za hedi zinang'oka kwenye bloku, na gasketi mpya pekee haisaidii kitu.

Halafu kuna thamostati, kile kivalvu kinachozuia maji yasizunguke hadi rejeta mpaka injini ipate joto lake. Mafundi wengi wakiona gari limechemsha wanaitoa na kuitupa, wanasema nchi yetu ya joto, haihitajiki. Inahitajika. Bila hiyo injini inachelewa kufika joto lake, inanywa mafuta zaidi na kusagika zaidi, na kompyuta ya gari inadhani kila siku ni asubuhi. Gari likija kwako bila thamostati, jua kuna aliyekuwa akificha homa.

Injini imekufa. Niifunge upya au ninunue ya mtumba?

Kwa magari ya kawaida ya Toyota, mtumba mara nyingi unashinda, kwa sababu injini zake zinaletwa kwa wingi na kuifunga upya vizuri kunataka pistoni, ringi, beringi, gasketi seti nzima na mashine ya uhakika. Ukiziweka spea za bei poa ndani, utakuwa na injini mpya ya mwaka mmoja.

Gerezani pale Kariakoo injini zinapangwa barazani, zimefungwa plastiki, kila moja "haijatembea, bosi, tazama ilivyo safi". Usafi ni wa petroli na brashi. Vua mfuniko wa oili, uingize kidole: lami nyeusi iliyoganda inaonyesha iliishi bila kubadilishwa oili. Chomoa plagi zote utazame kama rangi zinafanana. Zungusha injini kwa spana, isikwame. Dai risiti na muda wa majaribio ulioandikwa, pamoja na namba ya injini, maana bila namba hutathibitisha kwamba unayorudisha ndiyo uliyonunua.

Na kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadilisha, kaandikishe mabadiliko TRA. Watu wanapuuza, wanakuja kukumbuka siku mnunuzi analinganisha kadi na bloku.

Na gia boksi?

Kwanza pima oili yake, kiasi, rangi na harufu. Ya kahawia inayonuka kuungua ni habari mbaya, lakini mara nyingine tatizo ni oili isiyo yake. Gia boksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, inataka oili ya CVT, na kuimiminia ya otomatiki ya kawaida ni kuiua taratibu. Wenye Nissan X-Trail za kuanzia 2007 na Dualis wanaujua wimbo huu. CVT ikianza kuvuma na kuteleza, karakana nyingi hazina uwezo wa kuifungua. Utaambiwa ununue nyingine ya mtumba, nayo hujui ilinyweshwa nini huko ilikotoka. Kwa gari la namna hiyo ningekaza mkoba.

Ninunue spea mpya, ya mtumba au ya Kichina?

Muuzaji wa spea akipenda kukueleza ukweli, ataweka boljointi tatu kaunta. "Hii orijino, hii ya Taiwan, hii ya kumalizia mwezi." Shika kila moja, uipindishe kwa mkono. Nzuri inagoma, inazunguka kwa uzito. Ile ya kumalizia mwezi inacheza kama kifundo kilichoteguka, na raba yake unaibonyeza kwa kucha.

Msimamo wangu: breki, boljointi, tairodi na belti, mpya na ya kueleweka. Taa, milango, vioo, rejeta wakati mwingine, alteneta, mtumba safi unatosha. Bushi na shokapu za mtumba ni kununua uchakavu wa mwenzako. Sensa za bei ya kutupa zitakurudisha kwenye kompyuta wiki hiyohiyo. Na spea iliyotolewa ni mali yako: mwambie fundi kabla ya kazi kwamba utaondoka nayo. Huna haja ya kugombana, sema tu, "Fundi, ile ya zamani niwekee kwenye buti."

Kuna magari ambayo usingeyahangaikia kabisa?

Kwanza ninayoyatetea. Toyota IST, Raum, Vitz kubwa na Premio zenye injini 1NZ-FE ya lita 1.5: inatumia cheni badala ya belti, kila fundi anaijua hadi gizani, spea zake zipo hata Tunduma. Gari kama hilo likiwa na bodi nzima, karibu kila ugonjwa unastahili tiba. Corolla na Carina za zamani zenye 5A-FE nazo, japo zina belti. Ikikatika njiani unavutwa tu, maana valvu na pistoni hazigongani. Belti ya Toyota ya miaka hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kama hujui ilibadilishwa lini, chukulia kwamba leo ndiyo siku yake.

Injini za Toyota 1ZZ-FE za lita 1.8, zile za mwanzoni, zinajulikana kwa kunywa oili. Unaweza kuishi nayo kwa kupima kijiti kila wiki na kuongezea, ila usiuziwe kwa bei ya nzima. D4, yaani 1AZ-FSE iliyo kwenye Noah, Voxy na RAV4 za miaka ya 2000, inamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ni injini nzuri mikononi mwa anayeijua, na pampu yake ya presha kubwa haipendi petroli chafu. Kama mji wako hauna fundi wa D4, hesabu na nauli ya kulivuta gari hadi kwake. Subaru silinda zake zimelala, na gasketi za injini yake ya EJ25 zina historia ya kuvuja; kazi yake haichukuliwi na fundi anayejifunzia kwako.

Magari ya Ulaya ya miaka 15 yanavutia kwa bei ya kununulia. Bei hiyo imeshuka kwa sababu aliyetangulia amepewa orodha ya spea.

Gari la pwani lina kutu. Ni la kuogopa?

Tanga, Mombasa, Unguja na Kigamboni ufukweni, chumvi haina likizo. Kutu ya mlango na bonati ni sura tu. Lala chini na tochi, tazama chasisi, sehemu shokapu zinapokaa juu, na chini ya milango. Gonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilichooza kinabwabwaja na kudondosha magamba. Kikitoboka sehemu inayobeba shokapu, kuchomelea viraka ni kununua muda, na gari halina tena usalama wa kubeba familia kwenda Moshi mwezi wa 12. Hapo jibu ni kuuza kama skrepa au spea, hata injini ikiwa inaimba.

Jambo jingine la joto na unyevu ambalo mkono wa fundi haugusi: eabegi (mifuko ya hewa) za kampuni ya Takata. Zilifungwa kwenye mamilioni ya magari, ya Kijapani yakiwemo, tangu miaka ya mwanzo ya 2000 hadi katikati ya miaka ya 2010, na baruti yake huharibika taratibu kwenye joto lenye unyevu hadi eabegi ikifyatuka inarusha vipande vya chuma. Mengi yalibadilishiwa kabla ya kusafirishwa, mengine hayakuguswa. Angalia kwa namba ya chasisi kwenye tovuti ya mtengenezaji, au uliza kwa wakala wake, kabla hujazamisha mamilioni kwenye gari husika.

Gari ni la biashara, teksi ya mtandaoni. Hesabu ni ileile?

Ongeza siku. Gari likikaa gereji siku 10, hesabu ya bosi au rejesho la mkopo havisubiri. Kwa hiyo matengenezo ghali ya siku 2 yanaweza kushinda ya bei poa ya wiki mbili, na injini ya mtumba iliyo tayari ikashinda kufunga upya. Gari la kutembelea linaruhusu kuvumilia, la biashara haliruhusu.

Nataka kununua gari bovu kwa bei poa nilitengeneze. Wazo zuri?

Kwa fundi, ndiyo. Kwako wewe, ni mbuzi kwenye gunia mpaka injini iwashwe mbele yako. Usiamini kilomita za kwenye dashibodi. Zinarudishwa nyuma kirahisi. Amini pedali ya breki iliyolika raba, usukani unaong'aa na kiti kilichobonyea. Matairi yana tarehe: tarakimu 4 za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni mwa tairi, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi yenye miaka kumi, hata yenye meno, weka kwenye hesabu kama mabovu. Nusa zulia chini ya kiti, ukisikia harufu ya tope, aga kwa heshima.

Nimeamua kuliuza. Nitengeneze kwanza?

Tengeneza vidogo vinavyotisha bila sababu: betri, taa ya cheki iliyowashwa na sensa ya bei ndogo, kelele za bushi. Lioshe ila usilipige rangi, mnunuzi wa Dar akiona rangi mpya anaanza kutafuta ajali. Gonjwa kubwa usilitibu. Mwambie mnunuzi wazi, ushushe bei, yaandikwe kwenye mkataba kwamba ameliona na amelikubali. Ukishapokea hela, hakikisha umiliki umebadilishwa TRA kwa jina lake, tena mkiwa pamoja. Ukimwachia kadi tu kwa ahadi ya "nitashughulikia, kaka", faini za barabarani zitaendelea kusoma jina lako.